Halua na Bakuli Lake

Mwezi wangu wa tatu kazini nilipeleka kikaoni namba ambayo kila mtu aliipenda. Ilikuwa 2.1. Nilikuwa kijana wa Unguja niliyetua Alberta, magharibi mwa Kanada, nikiwa na shahada ya uhandisi na makoti mawili mazito, nikapewa kazi ambayo wenzangu wote walikuwa wameshaichoka: kukusanya kila mwisho wa mwezi takwimu za mvuke uliosukumwa ardhini na za mafuta yaliyotoka, kugawanya moja kwa nyingine, na kuandika jibu kwenye kisanduku kimoja cha ripoti. Jibu hilo huitwa uwiano wa mvuke kwa mafuta. Mwezi uliopita, aliyenitangulia aliandika 3.0. Mimi nikaandika 2.1. Mkuu wa kitengo akaisoma kwa sauti, akanyanyua nyusi, akasema visima vimechangamka. Mwingine akanipiga begani. Kutoka hapo hadi chakula cha mchana nilitembea kama bwana harusi.

Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Leo ninajua kwamba ningeandika 3.9 wangenikalisha mpaka magharibi, nifungue kila mstari wa hesabu, niseme mita gani ilisomwa na nani. Namba ikipendeza hukaribishwa ndani bila kuulizwa inatoka kwa nani.

Nieleze kwanza kwa nini watu wazima wafurahie jibu la kugawanya. Mafuta ya kaskazini mwa Alberta si yale ya kububujika tunayoyaona kwenye filamu. Ni bitumeni, ndugu wa lami ya barabarani, iliyogandana na mchanga chini ya misitu ya Athabasca. Joto lake la asili huko chini ni kama nyuzi 10, na kwa baridi hiyo haiendi popote, hata ukiitobolea visima mia. Ukiipasha ikapita nyuzi 200 inalegea, inateremka kama mafuta ya kupikia. Mhandisi Roger Butler, aliyekuwa akifanya kazi Imperial Oil, ndiye aliyewaza katika miaka ya 1970 kulaza visima viwili chini ya ardhi, kimoja juu ya kingine, vikiachana kama mita 5, kila kimoja kikiwa na urefu wa mamia ya mita. Kisima cha juu kinapuliza mvuke. Mvuke unapanda na kujichimbia chumba cha joto ndani ya mchanga, bitumeni ya pembeni inalainika, na pamoja na maji ya mvuke uliopoa inachuruzika hadi kisima cha chini, ambacho kinaipandisha juu. Kazi ya kuvuta inafanywa na uvutano wa dunia, bure.

Kilichobaki si bure. Kila tone la mvuke limechemshwa na mtu, kwa gesi ya mtu. Ndiyo maana watu wa kazi hii hawaulizi kisima kimetoa mapipa mangapi kabla hawajauliza kimekunywa mvuke kiasi gani. Na mvuke haupimwi kwa nafasi unayojaza, maana nafasi hiyo hubadilika kila shinikizo linapobadilika. Unapimwa kwa maji baridi yaliyoutengeneza. Uwiano wa 3 maana yake umechemsha mapipa matatu ya maji ili upate pipa moja la mafuta. Mradi wa Christina Lake, ambao watu wa Alberta huutaja kama mfano wa mchanga mzuri, umekuwa ukicheza karibu na 2. Wengi huishi kwenye 3 na kitu.

Kuna hesabu ya mkononi ambayo kila mgeni wa kazi hii hufundishwa. Pipa moja la mafuta likichomwa kwenye boila nzuri linatosha kuchemsha mapipa kama 14 ya maji hadi yawe mvuke. Kwa uwiano wa 3, basi, joto ulilotumia ni sawa na kuchoma zaidi kidogo ya moja ya tano ya kila pipa ulilovuna. Kwa uwiano wa 6 umekwishachoma zaidi ya asilimia 40. Ukifika 14, unachemsha maji kwa ajili ya kuchemsha maji. Kwa hiyo 2.1 badala ya 3.0 si tofauti ya desimali. Kama ingekuwa kweli, tungekuwa tumeokoa karibu thuluthi ya gesi yetu kwa mwezi mmoja, bila kugusa chochote. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Halikunitia.

Ijumaa ya wiki ile nilimpigia ami Maskati. Ami aliondoka Unguja kijana, akaenda Oman katika miaka ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipokuwa akiwaita nyumbani Waomani waliotawanyika, na waliotoka Zanzibar na Kiingereza chao walipata kazi upesi serikalini na kwenye mafuta. Yeye aliishia jangwani kusini, kwenye visima vya mafuta mazito, akisoma mita za mvuke mpaka alipostaafu. Hakuwahi kuwa mhandisi. Ila nilipotaka kusomea uhandisi, ndiye aliyelipa.

“Shikamoo ami.”

“Marahaba mwanangu. Baridi haijakumaliza?”

Nikampa habari ya 2.1. Nilitaraji anipongeze. Akauliza majirani zetu wanapata ngapi. Nikamwambia 3, 3 na nukta.

“Na mchanga wao?”

“Ule ule wetu.”

Akanyamaza. Nilisikia feni inazunguka upande wa pili.

“Mafuta umeyapimia wapi?”

“Kwenye mita ya mwisho, yanapoingia bomba la kuuzia.”

“Bomba hilo linapitisha lami tupu, baridi ya huko ilivyo?”

Hapo nikaanza kujisikia vibaya.

“Babu yako,” akasema ami, “alipokuwa akiuza halua, bakuli alilipima kwanza likiwa tupu.”

Bitumeni tupu haipiti kwenye bomba refu. Ikipoa tu inakwama. Kwa hiyo kiwandani huchanganywa na mafuta mepesi sana, kondensati, yanayonunuliwa kwa bei kubwa na kuletwa kutoka mbali, na mchanganyiko ule ndio unaouzwa. Katika kila mapipa kumi yanayotoka getini, kama matatu hivi ni ya hiyo kondensati. Yalikuja na bomba, yanaondoka na bomba, hayakuwahi kuuona mchanga wetu. Mimi niliyahesabu kuwa mavuno.

Namba za kampuni si zangu kuzitangaza, kwa hiyo nitaweka za mviringo zenye umbo lile lile. Mvuke wa mwezi: mita za ujazo 210,000. Mchanganyiko uliotoka getini: 100,000. Gawanya, upate 2.1. Ndani ya mchanganyiko huo kondensati ilikuwa 30,000, na bitumeni yenyewe 70,000. Gawanya tena: 3.0. Mtangulizi wangu alikuwa sahihi, visima havikuwa vimechangamka hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeiuza halua pamoja na bakuli. Alichokuwa akifanya yeye ni kutoa kondensati kwenye safu moja ya jedwali aliyoificha ili ukurasa usijae. Mimi, kwa kupenda usafi, nikaunda jedwali jipya.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa kitengo asubuhi na mapema. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama ninajua 2.1 imekwishafika wapi. Sikujua. Ilikuwa imeingia kwenye picha za uwasilishaji zilizopelekwa kwa wabia Ijumaa mchana, wakati mimi niko kwenye simu na ami. Ikabidi aandike barua ya kuiondoa, na jina langu halikutajwa ndani yake. Baadaye akanipa adhabu ambayo nadhani aliiona ni zawadi: nipitie kila uwiano uliowahi kuandikwa na kitengo kile, nione kuna mabakuli mengine mangapi. (Neno la bakuli nilikwishamweleza. Alilipenda, akalitumia vibaya kwa miaka.)

Yalikuwepo. La kwanza lilikuwa la wastani. Kwa kila uwanja wa visima mtu alikuwa akichukua uwiano wa kila jozi ya visima, anajumlisha, anagawanya kwa idadi ya jozi. Inaonekana hakuna ubaya. Lakini chukua jozi mbili: ya kwanza imekunywa mvuke 8,000 ikatoa mafuta 4,000, uwiano 2, ya pili imekunywa 6,000 ikatoa 1,000, uwiano 6. Wastani wa 2 na 6 ni 4. Lakini uwanja mzima umekunywa 14,000 ukatoa 5,000, yaani 2.8. Jozi mbovu yenye mafuta haba imepewa sauti sawa na jozi inayolisha watu. Uwiano haujumlishwi na mwenzake; unarudi kwenye mvuke na mafuta, unajumlisha mvuke kwa mvuke na mafuta kwa mafuta, ndipo unagawanya. Hili fundi wa halua hafundishwi: hajumlishi bei za vipimo, anahesabu kuni zote za siku na halua yote ya siku. Kosa hili lilikuwa likituumiza wenyewe, kwani lilitufanya tuonekane wabaya kuliko tulivyokuwa, na labda ndiyo sababu hakuna aliyelitetea nilipolifuta.

La pili lilitetewa. Kuna uwiano wa mwezi, unaotokana na mvuke na mafuta ya mwezi huo peke yake, na kuna uwiano limbikizi, wa mvuke wote na mafuta yote tangu kisima kizaliwe. Mabango ya ofisini kwetu yalionyesha ule limbikizi. Ni namba tulivu, haina homa, inapendeza ukutani. Uwanja mmoja wa visima ulikuwa na limbikizo la mvuke 900,000 na mafuta 300,000, yaani 3.0 iliyonyooka. Mwezi ule ulikunywa 30,000 ukatoa 5,000. Uwiano wa mwezi: 6. Na limbikizi? 930,000 kwa 305,000, ambayo ni 3.05. Ukutani paliandikwa 3.0 na watu wakapita. Miezi sita ya hali ile ile, kila mwezi ukichemsha mapipa sita ya maji kwa pipa moja, na limbikizi umefika 3.27 tu. Mgonjwa ana homa ya nyuzi 40, na kwenye cheti tunaandika wastani wa joto lake tangu alipozaliwa.

Fundi mmoja mkongwe, mtu wa Newfoundland, alinibishia kwamba uwiano wa mwezi unayumba mno: pampu ikifa siku tatu unapanda, ikirudi unashuka, ukiufuata utazeeka. Ana haki. Na kwenye mbinu ya zamani zaidi, ya kupuliza mvuke kwenye kisima kimoja kwa wiki kadhaa, kukiacha kiloweke, kisha kukigeuza kitoe mafuta, uwiano wa mwezi hauna maana kabisa, kwani mwezi wa kupuliza hauna mafuta na mwezi wa kutoa hauna mvuke. Huko unahesabu kwa mzunguko mzima. (Mbinu hiyo, kwa njia, ilizaliwa kwa ajali. Mwaka 1959, Mene Grande huko Venezuela, Shell walikuwa wakijaribu kusukuma mafuta kwa mvuke kutoka kisima kimoja kuelekea vingine, mvuke ukafumuka hadi juu ya ardhi, wakafungua kisima ili kupunguza shinikizo, na kisima kikawatolea mafuta ambayo hawakuyategemea.) Tulikubaliana na yule mkongwe kuchora mistari yote miwili, wa mwezi na limbikizi, kwenye karatasi moja. Ule uwanja wa visima ulionekana mara moja. Mvuke wake ulipunguzwa ukapewa majirani.

Makosa haya yote ni ya mtu anayehesabu kilichokwisha tokea. Ukiambiwa, unafuta, unaandika upya, uso unakuiva siku mbili tatu. Lakini uwiano huu una maisha mengine kabla haujawa namba ya ripoti. Kuna siku mtu hukaa mezani, hakuna kisima hata kimoja, akakadiria utakuwa ngapi, ili ajue anunue boila ngapi. Siku hiyo haina kifutio, na pale Alberta kila mtu akitaka kuieleza hutaja jina moja: Long Lake.

Long Lake iko kusini-mashariki mwa Fort McMurray. Kampuni mbili za Kanada, Nexen na OPTI, ziliingia ubia wa nusu kwa nusu na kujenga kitu kilichokuwa na akili nyingi. Visima vingetoa mapipa 72,000 ya bitumeni kwa siku. Kiwanda cha hapo hapo kingeigeuza kuwa mapipa 58,500 ya mafuta mepesi ya bei nzuri. Makapi mazito yaliyobaki yangegeuzwa kuwa gesi, na gesi hiyo ingechemsha mvuke wa visima. Kila kimoja kinamlisha mwenzake, na gesi ya kununua, ambayo bei yake ilikuwa inawakosesha wengine usingizi, wao wasingeihitaji sana. Gharama ilipita dola bilioni 6 za Kanada. Mvuke wa kwanza uliingia ardhini 2007, bitumeni ikafuata 2008, na kiwanda cha juu kikaanza kutoa mafuta mapema 2009.

Tatizo la duara la aina hii ni kwamba limefungwa kwa namba moja. Chukua 3 kama mfano wa makadirio. Mapipa 72,000 yanataka mvuke wa mapipa 216,000 kila siku, na boila zinanunuliwa kwa kipimo hicho, zinafungwa, zinalipiwa. Sasa mchanga ukidai 6 badala ya 3, mvuke ulionao ni ule ule 216,000, na mafuta utakayopata ni 36,000. Hakuna aliyelala kazini na hakuna pampu iliyokufa. Nusu ya mafuta haipo tu. Na kiwanda kile kikubwa kilichojengwa kumeza 72,000 kinakaa kinangoja, kikila gharama zile zile za kila siku, kama jiko la harusi lililowashwa kwa wageni mia, wakaja ishirini.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya mwanzo uwiano wa Long Lake ulipita 4, na kwa vipindi ukapita 5, na mafuta hayakufikia nusu ya yaliyopangwa. Ukisoma walichogundua, jibu halikuwa mashine. Mchanga wa pale ulikuwa na mifuko yenye maji mengi na bitumeni haba. Mvuke haujui kuchagua. Ukikutana na maji unayapasha maji, na joto lililokusudiwa kulainisha lami linaishia kwenye maji ambayo hakuna anayeyanunua. Ili kupona, walihitaji boila zaidi na visima vipya kwenye mchanga ulio bora, mambo ambayo huwezi kuyafanya kwa mwezi mmoja wala miwili.

OPTI haikuwa na mradi mwingine wa kuegemea. Januari 2009 iliuza sehemu ya hisa zake kwa mbia wake, ikabaki na asilimia 35. Julai 2011 ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai, na kampuni ya Kichina ya CNOOC ikainunua kwa thamani ya dola bilioni 2.1 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa ni madeni. Mwaka 2013 CNOOC ikainunua na Nexen yenyewe. Nisiwe mtu wa kumbebesha uwiano dhambi zote: bei ya mafuta ilianguka mwishoni mwa 2008, na deni la OPTI lilikuwa kubwa kabla ya hapo. Lakini bei ilirudi. Mafuta ndiyo hayakuja.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya Long Lake inafundisha bila kulitaja. Mafuta yakikosekana, kishawishi cha kwanza ni kuongeza shinikizo ili mvuke uende mbali zaidi. Alberta wana jibu la hilo pia. Tarehe 18 Mei 2006, kwenye mradi wa Joslyn, mvuke ulipasua mwamba uliokuwa ukiufunika, ukafumuka hadi juu, ukarusha mawe na udongo na kuacha shimo lenye urefu wa zaidi ya mita 100. Mchanga ule haukuwa na kina kikubwa, na kifuniko chake hakikuweza kustahimili. Kila aliyewahi kutamka “ongeza shinikizo” kikaoni kwetu alioneshwa picha ya shimo lile, akakaa.

Likizo iliyofuata nilipitia Maskati kabla ya kwenda Unguja. Ami alinipokea kwa kahawa na halua, na bakuli, nakuapia, alilinyanyua mbele yangu kulipima kwa mkono na kucheka mwenyewe. Nilikuwa na majivuno mapya. Nilikuwa nimetengeneza ukurasa mmoja unaolinganisha miradi kumi, wa kwetu ukiwa wa nne.

“Mvuke wa hawa,” akaweka kidole kwenye mradi uliokuwa chini yetu, “ni mkavu au wa majimaji?”

Sikuwa nimeuliza. Boila za kazi hii hazigeuzi maji yote kuwa mvuke; zinageuza kama asilimia 75 au 80 na kuacha mengine yakiwa maji ya moto, ili chumvi na uchafu visigande kwenye mabomba yake. Sisi tulikuwa tukiyatenga yale maji na kushusha mvuke mkavu peke yake. Wenye mbinu ya kuloweka wengi hushusha vyote pamoja. Na mita ya maji baridi haioni tofauti: pipa ni pipa. Joto ndilo linaloona. Kwenye nyuzi 250, kilo moja ya maji yanayochemka imebeba kilojuli 1,085, na kuigeuza yote mvuke unaongeza 1,716, jumla 2,801. Ikiwa imekauka kwa asilimia 70 tu, imebeba kama 2,286. Kwa hiyo mradi wenye mvuke wa majimaji na uwiano wa 4 umetumia joto sawa na la mradi wa mvuke mkavu wenye 3.3 hivi. Yule niliyemweka chini yetu alikuwa, kwa joto, bega kwa bega nasi.

Ami aliyajua haya kwa mikono. Kule jangwani, alisema, walikuwa wakiupeleka mvuke kilomita kadhaa kwa bomba, na mahali gamba la kuzuia joto lilipochanika, mvuke uliotoka boila mkavu ulifika kisimani umelowa. Mita za pande zote mbili zilisoma tani zile zile, na vijana wa ofisini wakiandika kwamba hakuna kilichopotea. Oman haina gesi ya kuchezea. Hiyo hiyo inataka kuwasha umeme wa nyumba na kuuzwa nje. Ndiyo maana pale Amal walianza kuchemsha maji kwa jua, vioo vikiwa ndani ya mabanda ya kioo ili vumbi lisivizibe. Ami alipelekwa kuangalia, ingawa alikuwa amestaafu. Alisema ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu akichemsha maji na hanuki moshi.

Nikadhani tumemaliza. Akachukua ukurasa mwingine, ule wa uwanja wetu uliokuwa na mvuke 900,000 na mafuta 300,000, akausoma taratibu kwa miwani iliyokuwa imeshuka puani.

“Visima hivi mlivipasha moto muda gani kabla havijatoa tone?”

“Miezi kama mitatu au minne. Unazungusha mvuke kwenye visima vyote viwili mpaka mchanga wa katikati ulegee.”

“Na mvuke huo uko safu gani?”

Nikaangalia. Limbikizo lilianzia siku ya mafuta ya kwanza. Nilikumbuka kwamba katika kazi hii kuna desturi ya kuwa na uwiano wa namna mbili, mmoja wa visima vinavyotoa mafuta tu na mwingine wa mvuke wote ulioingia ardhini, na kwamba mtu huchagua wa kuonyesha kulingana na mgeni aliyekuja. Wetu, aliyeuchagua zamani, hakuandika popote kwamba amechagua. Kompyuta ilikuwa kwenye begi. Nikatafuta mvuke wa kupashia, nikaupata kwenye faili jingine kabisa, la ujenzi, kana kwamba ni saruji: mita za ujazo 60,000.

Ami akanisogezea halua. Nikafuta 3.0, nikaandika 3.2, naye akaita jikoni waongeze kahawa.